Xbox ya Kwanza: Jua Toleo Lake Kabla ya Kuichokonoa

Haya wapenzi watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina Xbox ile ya kwanza kabisa, mashine ya michezo ya Microsoft iliyoingia sokoni mwaka 2001. Kwa nje zote zinafanana, ila ndani kuna matoleo kuanzia 1.0 hadi 1.6, na ukinunua chipu ya kuibadilisha mashine (modchip), ili iendeshe programu ambazo Microsoft haikuziruhusu, bila kujua toleo lako ni lipi unaweza kupoteza hela yako bure.

Igeuze. Kwenye stika kuna tarehe ya kutengenezwa, na tarakimu tano za mwisho za namba ya mfululizo zinasema jambo hilohilo: mwaka, wiki, kiwanda. Ukikuta 31205, hiyo ni ya 2003, wiki ya 12, imeundwa China. Lakini stika inakupa dalili tu. Mashine hizi zimepita mikono mingi na mafundi wengi, na kasha la moja linaweza kuwa limevishwa bodi ya nyingine. Kwa hiyo tunafungua.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Skrubu ni sita, za nyota, T20: nne zimejificha chini ya miguu ya mpira, mbili chini ya stika. Pawasaplai iko wazi kabisa humo ndani, usiiguse.

Sasa tazameni bodi. Ukiona kifeni kidogo juu ya chipu ya picha, hiyo ni 1.0. Kuanzia 1.1 kifeni hakipo. Uthibitisho ninaouamini mimi kuliko yote ni chipu inayopeleka picha kwenye runinga: ikiandikwa Conexant, ni 1.3 kurudi nyuma; Focus ni 1.4 au 1.5, Xcalibur ni 1.6.

Kwa nini nasisitiza hivi? Hadi 1.5, kumbukumbu ya TSOP, yaani chipu ya kwenye bodi inayotunza BIOS (programu ya kuwashia mashine), inaandikika upya. Unaunganisha nukta chache kwa risasi ya kulehemu, unaandika BIOS mpya, na chipu ya kununua huihitaji. Kwenye 1.0 na 1.1 ina nafasi ya MB 1. Baada ya hapo ni KB 256 tu. Ila kama una Focus, hakikisha BIOS unayoandika inaitambua, la sivyo utabaki na skrini nyeusi. Kwenye 1.6 njia hiyo imefungwa kabisa, na hata chipu ya kununua itakudai urudishe kwa waya njia zilizoondolewa kwenye bodi.

Halafu kuna kapasita ya saa, kile kidude kwenye bodi kinachoipa saa umeme mashine ikichomolewa. Hii naomba mnisikilize vizuri. Inavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba. Kuanzia 1.0 hadi 1.5 itoe leo, hata kama huna mpango wa kubadilisha kitu kingine. Utakachopoteza ni saa kusahau muda ukichomoa umeme. Ya 1.6 ni imara, iache hapohapo.

Kama bado hujanunua, mimi ningetafuta 1.1: nafasi ni kubwa na kifeni hakikusumbui. Kagua tu risasi kwenye soketi ya umeme, maana mwaka 2005 Microsoft ilijitolea kubadilisha nyaya za umeme za Xbox milioni 14 hivi kwa hofu ya moto.

Na wewe mwenye 1.6 usikate tamaa. Kubadilisha kwa programu peke yake kunakubali matoleo yote. Ukimaliza tu, nakili EEPROM (chipu ndogo yenye taarifa za mashine yako) uihifadhi nje ya mashine, kwa sababu ufunguo wa kufungulia hadidiski umo humo.