Kingo za mto: zege au majani?
Kila masika, barabara ya Jangwani jijini Dar es Salaam ikifungwa kwa maji, ubishi unarudi kijiweni: kingo za mto Msimbazi na vijito vyake zijengwe zege au zipandwe majani?

Kwa gharama ya kuanzia, majani yanashinda: miche ya vetiva (nyasi za mizizi mirefu), matete, vibarua wa mtaani, basi. Zege linataka nondo, kokoto na mkandarasi. Ila halili nafasi. Nyumba zikibanana hadi ukingoni, huna pa kupanda kitu.

Kwenye matunzo ndipo tunapojidanganya. Mtaro wa zege hujaa mchanga na chupa za plastiki; usipozibuliwa kabla ya Machi, maji yanaingia sebuleni vilevile. Tena zege huyakimbiza maji, balaa likamshukia jirani wa bondeni. Majani nayo humwagiliwa mpaka mizizi ishike, na mbuzi mmoja tu anamaliza kazi ya wiki kwa asubuhi moja.

Kwa viumbe sina ubishi. Kwenye mikoko ya daraja la Selander, mto unapoingia baharini, utaona yangeyange na kaa. Kwenye zege utaona mbu.

Una mita kumi za wazi? Panda. Ukuta wako unagusa mto? Zege, na koleo liwe karibu.