Kamera ya Kwanza kwa Anayejifunza: Ipi Ununue na Ipi Uiache Dukani

Anayeanza kujifunza kupiga picha akiingia dukani Kariakoo kuulizia kamera, muuzaji humtajia megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha), naye hutoka akiamini kuwa nyingi ndizo bora. Mimi nilijifunza kwa kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, nikipiga wavuvi wa soko la samaki la Feri alfajiri na sherehe za ndugu usiku, na nimeshuhudia kwamba lenzi ndiyo iliyonifundisha mwanga. Kwa hiyo nimezipanga kamera hizi kwa kigezo kimoja: ipi itamfundisha mwanafunzi mengi zaidi kwa fedha zilezile alizonazo.

Nafasi ya kwanza naipa kamera ya DSLR (yenye kioo ndani na lenzi zinazobadilishwa) iliyotumika, kama Canon EOS 700D ya mwaka 2013 au Nikon D3300 ya mwaka 2014, ikiambatana na lenzi moja isiyovuta, yenye tundu la f/1.8; tundu ni uwazi unaopitisha mwanga, na namba ya f ikiwa ndogo uwazi huwa mkubwa. Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa na lenzi ya milimita 18-55, ambayo ukiivuta hadi mwisho hubaki na tundu la f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Tofauti hii niliiona kwenye sendofu ya mpwa wangu, katika ukumbi wenye taa za rangi na giza pembeni. Kwa lenzi ya 18-55 kasi ya shata (pazia linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga) ilishuka hadi sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, na mkono wa binti uliokuwa ukikata keki ukatoka kama moshi. Nilipoazimwa lenzi ya 50 nilipanda hadi sehemu moja ya mia na ishirini na tano, na hata chembe za sukari kwenye kisu zikaonekana. Usiku ule nilielewa uhusiano wa tundu, shata na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ambao nilikuwa nimeusoma kwa miezi kadhaa bila kuushika.

Kuna tahadhari mbili hapa. Kwa kuwa sensa (kipande kinachopokea mwanga) za kamera hizi ni ndogo kuliko fremu ya filamu, lenzi ya 50 huona kama ya 75 kwenye D3300 na kama ya 80 kwenye 700D. Inafaa sana kwa sura za watu, lakini sebuleni utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, na hapo ya milimita 35 hufaa zaidi. Pili, Nikon za safu ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi (ya kulenga picha iwe kali) ndani yake, hivyo lenzi ya zamani iliyoandikwa AF-D utalazimika kuifokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, ambayo ina mota yake.

Kamera iliyotumika ikaguliwe kwa utulivu, hata muuzaji akikuharakisha. Sisi wa pwani adui yetu mkubwa ni kuvu, kwa sababu unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar huiotesha ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini. Ondoa lenzi, fungua tundu lake lote, kisha mulika kwa tochi ya simu upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili: kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba za utando wa buibui zikitambaa kutoka ukingoni. Ukiziona, rudisha lenzi hiyo, hata ikipunguzwa bei. Halafu weka tundu la f/16, piga picha ya anga tupu na uikuze kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi la sensa, ambalo fundi huweza kulisafisha. Uliza pia shata imefyatuliwa mara ngapi, kwani kwa kamera hizi mbili makadirio ya uhai wake ni takribani mara 100,000. Kwa Nikon, idadi hiyo huhifadhiwa ndani ya faili la picha, kwa hiyo nenda na kadi yako ya kumbukumbu, piga picha moja na uisome kwenye kompyuta kabla ya kulipa.

Nafasi ya pili ni simu uliyonayo tayari. Simu nyingi hukuruhusu kuchagua shata na ISO mwenyewe, na zinatosha kabisa kujifunza kupanga fremu na kusubiri mwanga wa saa kumi na mbili jioni. Upungufu wake ni kwamba tundu la lenzi katika simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo somo moja kati ya yale matatu (tundu, shata na ISO) litabaki bila mazoezi.

Kamera isiyo na kioo, mathalani Sony a6000 ya mwaka 2014, naiweka ya tatu ingawa naipenda. Kitazamio chake hukuonyesha picha itakavyong'aa kabla hujabonyeza, jambo linalomsaidia sana mwanafunzi. Hata hivyo lenzi zake ni ghali zaidi, na betri yake imekadiriwa kupiga picha 360 kwa chaji moja, wakati ya D3300 hufikia 700. Unapokwenda safari ya kijijini, tofauti hiyo ni kubwa.

Ya nne ni kamera mpya ya bei ya chini kabisa, kama Canon EOS 4000D ya mwaka 2018. Megapikseli zake 18 ni zilezile za 700D, pete inayoshika lenzi ni ya plastiki, na ukishailipia hutabaki na fedha za lenzi. Ya mwisho ni ile ndogo yenye zuumu ndefu isiyobadilishwa lenzi: sensa yake ni ndogo mno, na ukumbini usiku haitakusaidia.

Fedha zikisalia, nunua betri ya pili na boksi la plastiki linalofunga vizuri, utie pakiti za silika zinazofyonza unyevu ndani yake, na uzibadilishe mara tu zinapolowa.