Gunia la kahawa la kuvundikia mbegu ya mpunga

Unayelima mpunga huku Chekereni au Mabogini na bado unavundika mbegu, yaani kuzifunika zichipue kabla ya kuzisia, kwenye salfeti, nisikilize. Nilichukua magunia mawili ya kahawa yaliyotumika, soko la Mbuyuni, Moshi mjini, elfu tatu kila moja. Muuzaji alianzia elfu tano, tukaelewana.

Mbegu zangu, aina ya SARO 5, nazipepeta kwa ungo kisha nazipitisha kwenye maji ya chumvi. Kipimo ni kile cha mama: yai bichi la kuku. Koroga chumvi kidogo kidogo mpaka yai liinuke na kichwa chake kitokeze upana wa sarafu. Mapepe, yaani punje tupu, yanaelea, engua uwape kuku. Zilizozama suuza upesi, maji hata matatu, chumvi isibaki. Zilale kwenye maji safi siku nzima, ndipo ziingie kwenye gunia.

Salfeti liliniudhi hapo. Maji hayachuji sawasawa, mbegu za katikati zinachemka na kunuka uchachu, za pembeni bado zimelala. Gunia la kahawa ukiliweka juu ya fito linachuja lenyewe, na linapitisha hewa. Nalilowesha kwanza, najaza nusu maana mbegu zinavimba, nafunika kwa majani ya migomba. Asubuhi na jioni nazamisha mkono mpaka kiwikoni. Joto likizidi, nageuza na kunyunyizia maji. Siku ya pili zimetoa ncha nyeupe, fupi kuliko punje yenyewe. Zimwage kitaluni hapo hapo, maana ukingoja mizizi inasokotana, na ukiitenganisha inakatika. Juni na Julai, baridi ikishika, gunia langu linahamia jikoni karibu na mafiga na linachukua muda zaidi.

Ila mbegu ikishaamka hairudi usingizini, na skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi maji ni ya zamu. Jua zamu yako kwanza, ndipo uhesabu kurudi nyuma siku ya kuloweka. Gunia zuri halikuletei maji.

Kasoro? Punje zinanasa kwenye mishono, lazima uligeuze ndani nje na kulikung'uta. Panya nao wanalipenda, litundike. Na moja kati ya yale mawili lilinuka mafuta ya taa. Sasa analilalia mbwa. Ukienda kununua, ingiza kichwa ndani unuse kabla hujatoa hela, hata muuzaji akicheka.