Filamu tatu za Viviane Amsalem: tafuta zote, uzitazame kwa mpangilio

Wengi wamemjua Ronit Elkabetz, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa Israeli, kwa Gett ya mwaka 2014, na wengi wameishia hapo. Ni hasara kubwa. Gett ni sehemu ya mwisho ya kisa kimoja ambacho yeye na mdogo wake, Shlomi Elkabetz, walikiandika na kukiongoza pamoja kwa muda wa miaka 10: kwanza To Take a Wife (2004), kisha Shiva (2008), ndipo Gett. Katika zote tatu Ronit ndiye Viviane, mke aliyechoshwa na ndoa yake, na Simon Abkarian, Mfaransa mwenye asili ya Armenia, ndiye mumewe. Anayeanza na ya tatu hukutana na mwanamke aliyekaa kimya mbele ya majaji wa kesi ya talaka, akadhani ndivyo alivyoumbwa. Hajui kwamba huyu alikwisha kulia na kupiga kelele zamani, na ndugu zake wa kuzaliwa ndio waliomrudisha kwa mume.

Kabla ya kununua, angalia majina. Ya kwanza huuzwa pia kama Prendre femme, ya pili kama Les Sept Jours au 7 Days, na ya tatu huongezewa maneno The Trial of Viviane Amsalem au Le Procès de Viviane Amsalem. Ukitafuta Shiva bila kutaja jina la waongozaji utaletewa filamu za Kihindi. Kwa wanaotumia diski, DVD hugawanywa kwa maeneo ya dunia: Ufaransa na Israeli ziko eneo 2 na Marekani eneo 1, hivyo kicheza DVD kilichofungwa eneo moja kitaikataa diski ya jingine. Soma pia nyuma ya jalada lugha za maandishi ya tafsiri, kwa kuwa nakala iliyotengenezwa kwa soko la Ufaransa si lazima iwe na Kiingereza.

Usikubali nakala iliyoingizwa sauti za lugha nyingine. Familia hii inazungumza Kiebrania, Kifaransa na Kiarabu cha Morocco, mara nyingine ndani ya ugomvi mmoja, na nani anahamia lugha ipi mbele ya nani ni nusu ya maana. Maandishi ya tafsiri kwa kawaida huzimwaga zote tatu katika lugha moja bila alama yoyote, kwa hiyo tega sikio. Kiebrania ndicho kinachotawala mahakamani. Viviane na mumewe wakianza kuumizana, utasikia Kifaransa.

Mchanganyiko huo haukubuniwa mezani. Ronit alizaliwa Beersheba tarehe 27 Novemba 1964 katika familia ya Wayahudi waliotoka Morocco, akakulia Kiryat Yam karibu na Haifa. Mama yake alikuwa msusi, na Viviane, ambaye naye ni msusi, amechorwa kutokana na mama huyo. Ronit hakupitia chuo cha uigizaji. Alianza na uanamitindo, akaingia kwenye filamu mwaka 1990. Mwaka 1997 alihamia Paris akajifunza katika Théâtre du Soleil, kundi la maigizo ya jukwaani la Ariane Mnouchkine, kundi lilelile alilotokea Abkarian. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini wawili hawa wanaweza kugombana kwa mabega na shingo tu, bila neno.

To Take a Wife inachukua siku tatu za mwaka 1979 mjini Haifa, kuelekea Sabato. Inaanza usiku: kaka zake Viviane wamemzunguka, wanavuta sigara, wanambembeleza na kumkaripia kwa zamu asiivunje nyumba. Kamera imembana usoni kiasi kwamba ndugu wanakuwa sauti na mabega. Ni mwanzo bora kuliko filamu yenyewe. Baadaye kelele zinaongezeka bila kupumzika, na kisa cha mwanamume aliyempenda zamani (Gilbert Melki) kinapita upesi mno kubeba uzito kinachopewa. Hata hivyo usiiruke. Hapa ndipo unapomwona mume vizuri: habebi fimbo, hanywi pombe, anashika dini, anafanya kazi. Ubaya wake ni ugumu wa jiwe, na Abkarian anauigiza bila kuomba huruma wala chuki. Usipouona ugumu huo nyumbani, hutauelewa mahakamani.

Shiva ndiyo inayowashinda watazamaji wengi, na sababu ni moja: watu ni wengi na hakuna anayetambulishwa. Mwaka ni 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, makombora ya Iraq yanaanguka Israeli, na waombolezaji wamekwenda kuzika wakiwa na vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu. Kaka mmoja amefariki. Sheria ya matanga ya Kiyahudi, yaitwayo shiva, inawataka wafiwa wakae nyumbani siku saba, chini, bila kwenda kazini. Basi ndugu wote wamefungiwa nyumba moja, wanalala kwenye magodoro sakafuni, na madeni ya kiwanda cha familia yanaanza kutajwa kabla machozi hayajakauka. Tazama dakika 20 za mwanzo, simamisha, chukua karatasi uandike nani kaka wa nani na nani mke wa nani, kisha rudia tangu mwanzo. Ukishapata nasaba, filamu inafunguka. Tofauti na ya kwanza, kamera imerudi nyuma na kutulia, inaweka watu kumi na zaidi ndani ya picha moja. Kwa hiyo simu haifai kabisa, kwa sababu mambo makubwa hutokea pembeni: jicho linalokwepa, mkono unaoondolewa begani. Kwa upangaji wa watu ndani ya chumba, hii ni kazi ngumu kuliko Gett, na haijapewa heshima yake.

Kisha Gett yenyewe, dakika 115, zote ndani ya jengo la mahakama ya marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi: chumba cha kesi, mahali pa kungojea, ukumbi wa kupita. Israeli haina ndoa ya kiserikali inayofungwa ndani ya nchi, na tangu sheria ya mwaka 1953 ndoa na talaka za Wayahudi ziko mikononi mwa mahakama hizi. Talaka hutolewa na mume kwa ridhaa yake. Majaji wanaweza kumwamuru, na sheria ya mwaka 1995 inawaruhusu kumzuia kusafiri, kumnyang'anya leseni ya udereva, kumbana benki, hata kumtia gerezani. Lakini hawawezi kuitoa hati ya talaka, ndiyo gett, kwa niaba yake. Asipoitoa, mke hubaki akining'inia, si mke si mtalaka, na akizaa na mwingine mtoto huyo hubeba doa kisheria katika ndoa zake za baadaye. Shika jambo hilo kabla ya kubonyeza kitufe, la sivyo utajiuliza filamu nzima kwa nini majaji hawaamui tu.

Kesi inachukua miaka mitano, na maandishi kwenye skrini ndiyo yanayokueleza miezi iliyopita. Yasome, maana mavazi na nyuso hubadilika kidogo sana. Angalia pia kamera imesimama wapi. Kila picha imepigwa kutoka mahali alipo mhusika fulani. Waongozaji hawakujiwekea jicho lao. Ndiyo maana mwanzoni wanaume wanazungumza juu ya Viviane kwa muda kabla hatujamwona: hakuna anayemtazama. Baadaye anafungua nywele zake mbele ya majaji, na chumba chote kinashtuka kana kwamba amevunja sheria. Tendo dogo, na Elkabetz analifanya polepole, bila kumtazama mtu. Menashe Noy kama wakili wake ni mzuri. Sasson Gabai, kama kaka wa mume anayemtetea, mara mbili tatu anazidisha. Filamu ilipata Ophir, tuzo ya filamu ya Israeli, ya filamu bora ya mwaka 2014, na ilistahili.

Ukimaliza, nenda kwa kazi alizoongozwa na wengine. Late Marriage (2001) ya Dover Kosashvili na The Band's Visit (2007) ya Eran Kolirin zote zilimpa Ophir ya mwigizaji bora wa kike. Ya pili ni nyepesi, na ndiyo ya kumwonyesha asiyependa filamu za vyumba vilivyofungwa. Or ya Keren Yedaya (2004) ni kali mno, usiitazame usiku uleule na Shiva. Ronit alifariki tarehe 19 Aprili 2016 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 51. Mwaka 2021 Shlomi alitoa Black Notebooks, filamu yenye sehemu mbili, Viviane na Ronit, iliyojengwa kwa picha alizozihifadhi za dada yake na familia. Iache iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa inatumia vipande vya zote tatu na inadhani tayari unazijua.