Kurasa zangu 16

Nalisoma jarida hili la wazee tangu mwaka juzi, na mpaka juzijuzi nilikuwa nikilisifu kila barza ninayokaa. Leo naandika na hasira, bora niseme mapema.

Kisa chenyewe ni bao. Toleo hili lina ukurasa uliochorwa bao zima, mashimo yote 32, na kila shimo limeandikwa idadi ya kete. Swali: mwenye zamu atamaliza vipi kwa mkono mmoja, amwachie mwenzake safu ya mbele tupu? Jibu, ukurasa wa 41. Sisi jibu hatukulitaka. Tulitoa bao letu, tukapanga kete 64 kama zilivyo karatasini, tukakaa toka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Siku ya pili tena. Siku ya tatu watu wazima wawili, marafiki tangu skuli, hawasemeshani: huyu kashikilia mkono uanzie kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, yule anasema nyumba, lile shimo kuu, isiguswe. Ndipo nikasema basi, tutazame jibu.

Nikafunua. 31, 32, halafu 17. Nikadhani ni macho, nikavaa miwani nyengine. 17 ileile, na picha ileile ya bibi anamwagilia michaichai. Zikaja zote mpaka 32 mara ya pili, kisha 49. Kurasa hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa zikakunjwa mafungu ya 16. Aliyefunga nakala yangu kashika fungu moja mara mbili, la 33 hadi 48 likabaki mezani kwake. Mkono ukichoka hayo hutokea. Wakati huo sikukasirika hata kidogo, nilijua nitabadilishiwa.

Nikapanda daladala mpaka mjini, nikasali adhuhuri karibu na Darajani, nikaenda kwa wakala wao. Kijana yuko na simu yake. Hakuniamkia. Nikatoa salamu mimi, mtu wa miaka 68, akaitikia bila kunyanyua uso. Nikamfunulia: mwanangu, hii hapa 32, hii hapa 17. Akalitupia jicho kama anayetazama samaki wa juzi, akanambia: "Sasa mzee, kwa umri huo kurasa hizo zitakusaidia nini? Nenda kasali."

Na mimi kofia iko kichwani, miguu haijakauka maji ya udhu.

Wallahi mikono ilinitetemeka. Unauza jarida linalowaambia wazee wasikae kitako, kisha mnunuzi akija na haki yake unamwambia akakae angoje siku yake! Nilitoka bila kuaga. Garini nilishatunga maneno ya kuandika: msinunue, hawa wanakula pesa za wazee bure.

Nilipofika nyumbani nikaiona ile karatasi niliyobandika jikoni juu ya mtungi, niliyoikata kwenye toleo la zamani: kuinuka kitini bila kushika pahala, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Nimeifuata. Ngazi za mskiti nilikuwa navutwa mkono na mjukuu, sasa napanda peke yangu. Na dada yangu aliyeko Mkoani, Pemba, alipotimiza miaka 70, ni jarida hili lililomfahamisha Pencheni Jamii, ile ya wazee wa Zanzibar iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Maisha yake yote kalima mihogo na kuchuma karafuu, akidhani pencheni ni ya waliofanya kazi serikalini tu. Nilimsomea kwa simu, mstari kwa mstari, akanyamaza, kisha akaniomba nirudie.

Basi wanaoliandika siwasemi. Wanatujua, herufi zao kubwa, na hawatusemeshi kama watoto wadogo. Ingawa nikikaa nikifikiri, na wao nawasema. Nani kamweka yule kijana pale? Mimi mwandishi simuoni, nayemuona ni yeye, na kwake yeye mimi ni maiti anayetembea. Toleo lijalo silinunui. Au nitamtuma mjukuu akalinunue, sijui. Mwezi bado haujesha.

Bao tumelifunika kanga, kete hazijaguswa, na wale wawili mpaka leo kila mmoja anakaa upande wake wa barza. Kama toleo lako ni zima, tafadhali fungua ukurasa wa 41 unambie: mkono unaanzia shimo gani?