Programu ya Bajeti na Madeni: Kikokotoo cha Kuaminika, Salio la Kupotosha

Nimeitumia programu hii ya simu ya kupanga matumizi na kulipa madeni kwa miezi 14, tangu nilipokuwa na mikopo mitatu iliyokuwa ikila karibu nusu ya mshahara wangu hadi sasa ninapobakiwa na mmoja. Ninamwandikia mtu ambaye amekwisha kutambua kwamba matumizi yake yamezidi kipato, na anatafuta chombo cha kumsaidia kurudi ndani ya mipaka yake.

Sehemu ya kuandika matumizi ni ya kawaida: unaingiza kiasi, unachagua fungu, basi. Kilichonifanya nibaki nayo ni kikokotoo cha madeni. Nilipoingiza mkopo wenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kilinionyesha kwamba riba hiyo ikiachwa ijilimbikize hufika asilimia 26.8 kwa mwaka, wala si 24 kama nilivyodhani. Kisha kikanifungua macho kuhusu kima cha chini cha marejesho, jambo ambalo hakuna mkopeshaji aliyewahi kunieleza. Ikiwa kima hicho ni asilimia 3 ya deni lililobaki, mtu anayekilipa kwa mwaka mzima bila kukosa wala kukopa tena atakuwa ametoa takriban asilimia 34 ya deni alilokuwa nalo mwanzoni, ilhali deni lenyewe limepungua kwa asilimia 11 tu, kwa sababu theluthi mbili ya kila rejesho humezwa na riba, na kima chenyewe hushuka kadiri deni linavyoshuka. Akishikilia kiasi kile kile cha mwezi wa kwanza, deni huisha kwa miezi 56. Akilipa asilimia 5 ya deni la awali kila mwezi, huisha kwa miezi 26. Nilizirudia hesabu hizo kwa kalamu na karatasi, nikazikuta sahihi.

Programu hukuachia pia uchague kuanza na deni dogo kuliko yote au lenye riba kubwa zaidi. Nilichagua la pili, kwa kuwa hupunguza jumla ya riba.

Kasoro yake kubwa iko kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Hapo programu hujumlisha fedha za akaunti na kiasi cha mkopo ambacho bado hujakitumia, ikakiita chote “fedha zilizopo”. Ruhusa ya kukopa si fedha, na mtu anayejifunza kujikuna ajipatapo hapaswi kuonyeshwa namba ya namna hiyo kila anapofungua simu. Mwezi wa nne niliiamini, nikanunua kitanda ambacho mshahara wangu haukukiweza, na malipo ya deni langu kubwa yakarudi nyuma kwa miezi miwili. Aidha, haina mahali pa kugawa gharama za mara moja kwa mwaka, kama bima na ada, katika mafungu 12, nami nalazimika kuzitengea akiba pembeni.

Namba ya “fedha zilizopo” inaweza kuondolewa, ila kitufe chake kimewekwa mwisho kabisa wa mipangilio. Anayeanza kuitumia akizime kipengele hicho kwanza, kabla hajaingiza deni hata moja.