Uzoefu wangu: kujiandaa na upasuaji wa kupunguza uzito nikiwa Pemba

Huduma ninayoieleza hapa ni kliniki ya upasuaji wa kupunguza uzito katika hospitali moja ya Dar es Salaam, na naieleza upande wa maandalizi tu. Tarehe yangu imeshapangwa, kisu bado. Nimeona niandike sasa kwa sababu wengi wanaosimulia huduma hii huanzia siku waliyotoka wodini, na picha za kabla na baada. Sisi wa visiwani tunabaki hatujui ile miezi ya mwanzo inakuwaje, na kwangu mimi miezi hiyo ndiyo iliyonifanya niwaamini.

Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Wete, umri miaka 41. Urefu wangu ni sentimita 160 na nilipopimwa mara ya kwanza nilikuwa na kilo 112. Ukichukua kilo zako ukazigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata BMI, na yangu ilikuwa karibu 44. Nina kisukari cha aina ya pili, presha, kiungulia kinachoniamsha usiku, na magoti yaliyonifanya nisali juu ya kiti. Tangu mwaka 1991 mwongozo uliofuatwa na madaktari wengi duniani ulisema upasuaji ni kwa mwenye BMI 40 na kuendelea, au 35 ikiwa ana maradhi yanayotokana na uzito. Mwaka 2022 jumuiya ya wapasuaji wa fani hii ya Marekani na ile ya kimataifa zikashusha: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 mgonjwa anaweza kufikiriwa ikiwa ana matatizo kama kisukari. Kwa hiyo kwa namba pekee nilikuwa nastahiki kwa kila kipimo. Namba hazikutosha, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya hospitali na hospitali.

Kituo cha kwanza nilichokipigia simu, sitokitaja jina, waliniuliza uzito wangu na kama pesa ninayo, wakanipa tarehe palepale. Kisukari hawakukiuliza, wala dawa ninazomeza, wala kama ninaishi ng'ambo ya bahari. Nilishukuru, nikakata simu. Kliniki niliyoichagua ilifanya kinyume chake. Daktari, baada ya kunisikiliza kwa utulivu, alisema, "Dada, sitokupa tarehe leo. Kwanza tujuane na mwili wako." Wapo watakaoona anawapotezea nauli ya boti. Mimi naona daktari anayekubali kukuchelewesha ndiye wa kumkabidhi tumbo lako.

Niliambiwa njia zilizopo bila kusukumwa kwenye yoyote. Puto, ambalo wengi tumelisikia kwa sababu huduma hiyo ipo Muhimbili Mloganzila, huingizwa kwa kupitia mdomoni bila kukata, hujazwa maji, na aina nyingi hutolewa baada ya miezi sita. Linasaidia, lakini likishatoka uzito hurudi kwa wengi, na kwa mwenye mzigo kama wangu kazi yake ni ndogo. Sindano za semaglutidi nazo zinapunguza uzito kwelikweli, ila ukiziacha njaa inarudi na kilo nyingi zinarudi nayo, na bei ya kila mwezi kwa mshahara wa mwalimu ni mtihani. Kisha kuna slivu na baipasi. Slivu ni kukata na kuondoa kabisa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na ndiyo sababu watu husema baada yake hawasikii njaa ile ya zamani. Kilichokatwa hakirudishwi. Baipasi hutengeneza kifuko kidogo juu kabisa ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko huo na mwanzo wa utumbo.

Nilikwenda Dar moyo wangu uko kwenye slivu, maana ndiyo inayosemwa sana. Kilichobadilisha ni kiungulia. Slivu inaweza kukizidisha, au hata kukianzisha kwa asiyekuwa nacho, na kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni kilionesha koo langu la chakula limeshachubuka kwa asidi. Baipasi hukituliza, na kwa kisukari ina nguvu zaidi: kwa wagonjwa wengi sukari huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla hata kilo hazijapungua sana. Kwa hiyo ni baipasi. Laiti wangenipangia tarehe kwa simu, nisingepata nafasi ya kulijua hilo.

Vipimo sivielezi kimoja kimoja. Damu, ini, figo, tezi ya shingo, wastani wa sukari wa miezi mitatu, madini ya chuma, vitamini B12 na D, umeme wa moyo, ultrasaundi ya kifuko cha nyongo kwa sababu kupungua haraka huleta mawe, na ile kamera ambayo pia ilichukua sampuli ya kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo. Niliulizwa na kukoroma. Mume wangu aliitwa aeleze, akasema wazi kwamba usiku pumzi yangu hukatika halafu hurudi kwa kishindo. Daktari wa dawa ya usingizi alilitilia maanani sana jambo hilo, na bila ya mume wangu kuwepo nisingelijua. Mwende wawili.

Niliombwa pia nitaje kila ninachokunywa, pamoja na habasoda, mizizi na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtaani. Vyote vimesimamishwa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo magoti yangu yameishi nayo, imesimamishwa moja kwa moja, kwa sababu baada ya baipasi dawa za jamii hiyo huleta vidonda pale palipoungwa. Sasa ni panadol tu.

Mambo ya dini nayaeleza kwa urefu, kwa sababu wengi wetu tunayaogopa kuyauliza mbele ya daktari. Sheikh wangu nilimuuliza kama huku si kubadilisha maumbile. Akaniuliza nakwenda kutafuta uzuri au kutafuta siha, nikamsomea orodha ya maradhi yangu, akasema hii ni tiba kama tiba nyengine, nitake ushauri wa madaktari waaminifu kisha niswali istikhara. Nikafanya. Halafu kuna dawa. Sindano ya kuzuia damu kuganda wanayotoa hospitali nyingi baada ya upasuaji, enoksaparini, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Vitamini nyingi za vidonge laini zina jelatini ambayo huenda ikawa ya nguruwe pia. Nilimuuliza mfamasia, hakunishangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba ipo dawa nyengine ya kazi hiyo, fondaparinuksi, isiyotokana na mnyama, kwamba ataizungumza na daktari, na kwamba vitamini zipo za kutafuna zisizo na jelatini. Sheikh naye alisema pasipo na badala, dharura ina hukumu yake. Nimetulia. Kuhusu Ramadhani nimeambiwa nisitarajie kufunga katika kipindi cha mwanzo, kwa sababu kifuko kidogo hakiwezi kupokea maji ya siku nzima ndani ya saa chache za usiku, na kila mwaka tutakaa tuangalie upya. Na futari yetu ya tende, kaimati na juisi, kwa mtu wa baipasi, sukari ile ikishuka ghafla utumboni huleta moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha.

Jambo jengine ni mimba. Kupungua uzito huongeza uwezo wa kushika mimba, lakini unatakiwa usubiri kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, mwili uache kwanza kuporomosha kilo. Vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi, hivyo tumeshauriwa kijiti au kitanzi. Mume wangu alilisikia hili kwa masikio yake, na nashukuru hakulisikia kutoka kwangu.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama aliniuliza, "Mwanangu, wewe unakula, unatembea, unasomesha, kwani unaumwa nini hata ukatwe?" Kwetu mwanamke aliyenawiri ni sifa kwa mumewe, na akikonda majirani huanza kuhesabu: ama ana maradhi makubwa, ama nyumbani hapatiwi raha. Sikumbishia mama. Nilimwonesha daftari langu la sukari na nikamkumbusha marehemu shangazi alivyokatwa mguu. Alinyamaza, kisha akasema atakuja Dar kunipikia uji.

Mtaalamu wa lishe alinipa kazi ya kujizoeza mapema: kutafuna mpaka chakula kiwe laini kabisa, kutokunywa maji pamoja na chakula wala nusu saa baada yake, na kuanza na kitoweo kabla ya wanga, kwa sababu baadaye nitahitaji gramu 60 za protini au zaidi kila siku ndani ya tumbo dogo. Kwa samaki hatuna shida Pemba. Changu, jodari, dagaa, vyote vipo. Shida ni sinia. Sisi tunakula pamoja, mikono inakutana kwenye wali mmoja, na hapo huwezi kujua umekula kiasi gani, wala huwezi kuacha mapema bila mkwe kukusihi uongeze. Nilipoanza kujipakulia kwenye kisahani changu, wifi zangu waliona nimejitenga. Ilinibidi niwakalishe na kuwaeleza. Sasa ninakaa nao kwenye mkeka uleule, kisahani kikiwa mbele yangu, na mazungumzo ni yaleyale. Natamani kliniki ingekuwa na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wanaokula sinia moja, maana karatasi waliyonipa ilizungumzia sahani na uma na ilitaja vyakula ambavyo Wete sivioni.

Wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji ni kali. Wali, mkate, muhogo, ndizi na sukari vinaondoka, wanabaki samaki wa kuchemsha, mayai, mtindi na mboga za majani. Si adhabu. Ini la mtu mnene mara nyingi huwa limejaa mafuta na limelalia juu ya mfuko wa chakula, na lishe hii hulifanya linywee ili daktari apate njia ya kupitisha vifaa vyake kwenye matundu madogo. Dawa za sukari lazima zipunguzwe na daktari katika siku hizo, isije ikashuka mno. Usifanye hivyo kwa akili yako.

Kuhusu bei, sitoi namba kwa sababu kila mtu hupewa hesabu yake. Uliza kifurushi kinabeba nini. Changu kinabeba upasuaji, wodi na ziara za mwanzo, hakibebi vipimo vya awali, wala vitamini ambazo utakunywa maisha yako yote, wala gharama ikiwa patatokea tatizo la kurudi chumba cha upasuaji. Ongeza boti kutoka bandari ya Mkoani hadi Unguja, ya Unguja kwenda Dar, na mahali pa kukaa, kwani nimeambiwa nisirudi kisiwani kabla ya wiki mbili. Hatari nazo walinieleza bila kuzificha: katika vituo vyenye uzoefu kifo kinakadiriwa kwa mtu mmoja katika elfu moja, na kuvuja pale palipoungwa hutokea mara chache lakini kukitokea ni jambo la saa, si la siku.

Hilo la saa ndilo lililonikosesha usingizi. Nikiwa Wete, daktari wangu yuko ng'ambo ya bahari, na boti haiondoki usiku kwa ajili yangu. Kliniki haikuwa na jibu tayari, na kwa hili ninawakata alama. Nilipowabana, daktari alikaa akaandika barua ya kuachwa kwa daktari wa hapa Pemba: aina ya upasuaji, dawa zisizoruhusiwa, namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Ameandika kwamba homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, au mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, nisiambiwe ni gesi, apigiwe simu yeye na safari ianze kupangwa. Na ameandika jambo ambalo sikuwahi kulisikia: nikitapika kwa siku kadhaa, nipewe vitamini B1 kwanza kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia mwilini mwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kuumiza ubongo. Dripu ya glukosi ndicho kitu cha kwanza anachotundikiwa mtu akitapika.

Ukiwa mtu wa Pemba au wa Unguja, idai barua hiyo kabla ya kulipa pesa ya mwisho. Yangu nimeitoa nakala tatu: moja ipo kwa daktari wa hapa, moja anayo mume wangu, moja wifi yangu mkubwa, ambaye ndiye anayeamka haraka ukimgongea mlango usiku.